Kupima Kabla ya Kugusa: Tuliyojifunza kwa Kiyoyozi Kibovu

Katika vyuo vyetu vya ualimu tunafundisha kwamba zana bora ya kufundishia sayansi ni ile inayopatikana katika mazingira ya mtoto. Kwa miaka mingi kauli hiyo haikuwa na hatari kubwa ndani yake. Mwalimu aliyepangwa kijijini aliokota mbegu, udongo, vifuu vya nazi, mianzi na makopo, akaingia navyo darasani bila wasiwasi. Lakini mazingira hayasimami mahali pamoja. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo za umeme zimeingia katika vijiji vingi ambavyo baba zetu walivijua kwa kibatari tu. Umeme ukiingia, vyombo vya umeme huufuata. Na vyombo vikichakaa, hutupwa. Leo mtoto wa Fukayosi, katika barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, huweza kuokota nyuma ya nyumba pasi iliyoungua, redio isiyosema, feni isiyozunguka, hata kiyoyozi kilichoondolewa katika nyumba ya wageni ya pwani. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita kutafuta shaba iliyomo ndani, na watoto hujifunza upesi kuvipasua vyombo hivyo wenyewe.

Kwa hiyo neno letu la zamani, "okoteni zana katika mazingira", sasa linahitaji kuongezewa neno la pili. Katika makala haya tutajaribu kulieleza neno hilo la pili kwa kisa tulichokishuhudia, kisha tueleze utaratibu wa kupima vipande vya umeme kwa usalama, na mwisho tuonyeshe ni sehemu gani ya utaratibu huo inayofaa kufanywa na watoto wa shule ya msingi kwa mikono yao.

Kisa chenyewe

Tulikuwa katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi ya kata ya Fukayosi. Mwanachuo wetu alikuwa na somo la umeme kwa Darasa la Sita. Andalio lake lilikuwa zuri, na zana aliyoitafuta ilikuwa kubwa kuliko zote tulizoziona msimu ule: kiyoyozi cha dirishani, kibovu, alichopewa bure na mwenye nyumba ya wageni. Mota ya feni ilikuwa imekwisha kutolewa na fundi aliyeihitaji kama spea. Asubuhi ile, kabla ya kengele, mwanachuo alikichomeka katika soketi ya ofisi ili aone kama kuna kitu kitakachozunguka. Kiliunguruma kidogo, hakikuzunguka. Akachomoa plagi, akakibeba pamoja na mlinzi hadi darasani, akakiweka juu ya meza na kufungua kifuniko.

Tulifika mlangoni somo likiwa limekwisha kuanza. Watoto walikuwa wamezunguka meza. Msichana mmoja alinyoosha kidole kuelekea kwenye kopo la bati linalong'aa, akauliza kazi yake. Mwanachuo alitaka kuurudisha mkono wa mtoto, na katika kufanya hivyo vidole vyake mwenyewe vikagusa vichwa vya kopo lile. Alirushwa nyuma, kiwiko chake kikapiga ukingo wa bati na kuchanika. Meza iliyumba. Watoto walipiga kelele, kisha wakanyamaza. Katika ukimya ule mvulana mmoja alisema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, lakini si tulikichomoa?"

Hatujapata kusikia swali bora la sayansi kuliko hilo. Mwanachuo alikwenda zahanati kupimwa, kwa maana aliyepigwa na umeme hupelekwa kwa mganga hata akijiona mzima; jioni alikuwa salama. Sisi tuliwatoa watoto, tukafunga mlango wa darasa, na hatukukigusa kiyoyozi mpaka alasiri alipoletwa fundi mwenye leseni kutoka Bagamoyo.

Mwalimu mkuu alikuwa na lake la kusema, na alikuwa na haki ya kulisema. Alituambia: "Ndugu wakufunzi, hawa ni watoto wa watu. Kuanzia leo umeme katika shule hii utafundishwa kwa ubao na chaki." Tulimwelewa. Lakini tulimwomba afikiri jambo moja: watoto wale wale, saa nane mchana, watakuwa nyuma ya nyumba zao na bisibisi mkononi mbele ya chombo kama kile kile, na hapo hapatakuwa na ubao wala chaki wala mwalimu. Tukiondoa vitendo darasani, hatuondoi hatari. Tunaihamishia mahali ambapo hakuna wa kuisimamia. Alikubali kutupa juma moja tumwonyeshe njia nyingine.

Kwa nini kilichochomolewa kilipiga

Kopo lile la bati huitwa kapasita. Kazi yake ni kusaidia mota ianze kuzunguka na iendelee kuzunguka vizuri, na tabia yake ni kuweka akiba ya chaji ya umeme. Elimu ya kifaa hiki ni ya zamani: mwaka 1745 Ewald von Kleist huko Ujerumani, na muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, waligundua kwamba chupa yenye maji huweza kuhifadhi chaji. Wote wawili walijua habari hiyo kwa kupigwa nayo.

Kwa watoto tunashauri mfano wa mtungi. Bomba la kijiji likifungwa, maji ya mtungini hayamwagiki. Yanabaki mpaka mtu atakapoyachota. Kuchomoa plagi ni kufunga bomba. Kapasita ni mtungi. Mwambie mtoto pia mahali mfano unapokoma: maji ya mtungini yanaonekana, chaji haionekani, haina sauti wala harufu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwalimu mwenyewe yampasa ajue zaidi ya mtungi. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230, nao hupanda, hushuka na kugeuka mwelekeo, ukikamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Katika kilele chake hufika karibu volti 325. Chaji inayobaki katika kapasita hutegemea nukta ile ile plagi ilipochomolewa: ikichomolewa katika kilele, akiba ni kubwa, ikichomolewa umeme ukiwa unapita sifuri, akiba ni ndogo au haipo. Ndiyo maana fundi wa mtaani huweza kugusa kapasita mara tisa bila kitu, na mara ya kumi akarushwa. Zile mara tisa hazikuwa ushahidi wa usalama, zilikuwa bahati.

Kuna jambo jingine ambalo ndilo kiini cha kisa chetu. Katika kiyoyozi kizima, chaji hiyo aghalabu hujimwaga yenyewe kupitia nyaya zilizozungushwa ndani ya mota, kwa muda mfupi sana. Fundi alipopima kompresa ya kiyoyozi kile alikuta waya mmoja wa ndani umekatika; na feni, ambayo ingekuwa njia ya pili, ilikuwa imetolewa. Chaji haikuwa na pa kupita isipokuwa mkono wa mwanachuo. Walimu wenzetu, lishikeni hili: chombo kibovu si chombo kilichokufa. Mara nyingine ubovu wenyewe ndio unaoiziba njia ya usalama. Na sisi walimu zana tunazopewa bure ni mbovu karibu zote.

Utaratibu wa kupima

Tulimwomba fundi afanye kazi yake polepole mbele yetu na wanachuo wote waliokuwa katika kata ile, akitaja kila hatua na sababu yake. Tunaueleza utaratibu huo hapa ili mwalimu aufahamu na aweze kumtambua fundi anayeufuata na asiyeufuata. Hatusemi kwamba mwanachuo aufanye peke yake.

Kwanza, alikata umeme, na akahakikisha kwamba hapana mtu mwingine awezaye kuurudisha. Plagi aliiweka mahali alipoiona muda wote. Kwa kiyoyozi kilichofungwa ukutani, alisema, swichi yake huzimwa, hufungwa au huwekewa kibandiko cha onyo, na watu wa nyumba huambiwa. Swichi iliyozimwa bila kuwaarifu wengine ni mtego.

Pili, alikipima kipimo chake. Aligusisha mita yake kwenye soketi aliyojua ina umeme, ikaonyesha. Kisha akapima ndani ya kiyoyozi, haikuonyesha. Kisha akarudi tena kwenye soketi ile ile, ikaonyesha. Hatua hii ya tatu ndiyo ambayo wengi huiruka. Mita iliyokufa, au yenye waya uliokatika, husema "hakuna umeme" mahali pote. Hatuwezi kuuamini ukimya wa shahidi mpaka tujue kwamba shahidi yu hai, kabla na baada ya kumsikiliza.

Tatu, alimwaga chaji ya kapasita. Mafundi wengi hugusisha bisibisi katika vichwa viwili. Cheche hutoka, chuma huyeyuka, na mara nyingine kapasita huharibika au humjeruhi mtu. Huyu alitumia kizuizi cha omu 20,000, chenye uwezo wa wati 5, kilichofungwa katika nyaya zenye vishikio vya plastiki. Alikishikilia kwa sekunde kumi kati ya kichwa chenye herufi C na kile kilichoandikwa HERM, cha kompresa, kisha kati ya C na FAN, cha feni. Baadaye akapima volti, akakuta sifuri. Kapasita ilikuwa ya maikrofaradi 35 upande wa kompresa. Mwalimu wa hesabu atapenda kujua kwamba 35 kwa milioni ikizidishwa kwa 20,000 hutoa sehemu saba za kumi za sekunde. Na baada ya mara tano ya muda huo, yaani sekunde tatu na nusu, karibu chaji yote imekwisha. Sekunde kumi ni akiba ya busara.

Nne, alichora nyaya kabla ya kuzichomoa, kila moja na rangi yake na mahali pake. Kisha akakitenga kila kipande na vingine, kwa maana kipande kinachopimwa kikiwa bado kimeungwa na wenzake huweza kutoa jibu la jirani badala ya jibu lake.

Tano, alipima kipande kimoja kimoja. Kompresa ina vichwa vitatu. Ikiwa nzima, kizuizi kati ya kichwa cha pamoja na cha kuendeshea ni kidogo kuliko vyote. Kati ya kile cha pamoja na cha kuanzishia ni kikubwa zaidi. Na kati ya cha kuendeshea na cha kuanzishia ni jumla ya vile viwili. Tuseme cha kwanza ni omu 2 na cha pili omu 5. Cha tatu hakina budi kuwa 7. Kati ya kichwa chochote na bati la mwili, umeme usipite kabisa. Kapasita yenyewe hupimwa kwa mita yenye sehemu ya maikrofaradi na kulinganishwa na maandishi yake: iliyoandikwa 35 na tofauti ya asilimia 5 iwe kati ya 33.25 na 36.75. Iliyovimba haina haja ya kupimwa, hutupwa.

Sita, hakugusa mabomba ya shaba. Ndani yake mna gesi yenye mgandamizo, na baadhi ya gesi zinazotumika siku hizi huweza kushika moto. Mabomba hayo si ya mwalimu wala ya mtoto wala ya mnunuzi wa chuma chakavu mwenye msumeno.

Somo tulilolifundisha

Juma lililofuata tulirudi katika Darasa la Sita pamoja na mwanachuo wetu. Kiyoyozi hakikurudi darasani. Vilirudi vipande vitatu tu, vilivyong'olewa na kukaguliwa na fundi: fyuzi ya plagi, swichi, na thamostati yenye mrija wake mwembamba. Kapasita haikuwamo. Chanzo cha umeme kilikuwa betri mbili za tochi, za volti moja na nusu kila moja, na balbu ndogo ya tochi, zilizofungwa juu ya ubao kwa nyaya mbili zenye ncha wazi. Ncha zikigusana, balbu huwaka. Kila kundi la watoto sita lilipewa ubao wake.

Mwanachuo aliwataka watoto watabiri kwanza, kisha wapime: kijiko, uzi, risasi ya penseli, sarafu, kijiti kikavu. Waliandika majedwali yao. Kisha ukaja ujanja mdogo tuliokuwa tumeuandaa. Wakati wa kuwagawia fyuzi, mwanachuo aliilegeza balbu ya kundi moja bila wao kujua. Kundi lile lilipima fyuzi, likaandika: "mbovu". Likapima swichi: "mbovu". Makundi mengine yalisema ni nzima. Yalizuka mabishano makali, na mwanachuo, kwa sifa yake, hakuyakata. Aliuliza tu: "Mtajuaje nani msema kweli?" Baada ya muda yule msichana aliyenyoosha kidole juma lililopita alichukua kijiko kilekile walichokwisha kukipima, akakigusa kwa ncha mbili. Balbu haikuwaka. Akasema: "Kijiko hakijafa. Taa yetu ndiyo imekufa."

Hapo hatukuhitaji tena kuwapa kanuni. Waliitunga wenyewe, nasi tukaiandika ubaoni kwa maneno yao: gusisha ncha, pima kitu, gusisha ncha tena. Ni hatua ile ile ya pili ya fundi, imeshuka hadi volti tatu.

Mwisho tuliwapa thamostati. Balbu iliwaka, kwa kuwa hali ya hewa ya Fukayosi haina baridi ya kuizima. Tukatumbukiza mrija wake katika bakuli la maji yenye barafu iliyonunuliwa dukani. Baada ya kitambo, tik, balbu ikazimika. Mrija ulipotolewa na kupata joto, ikawaka tena. Watoto waliona kwa macho yao jinsi kiyoyozi kinavyojua kwamba chumba kimepoa. Mwalimu mkuu aliyekuwa amesimama nyuma aliomba arudie yeye.

Yafaa pia mwalimu ajue na awaambie watoto mipaka ya kipimo cha balbu. Hakiwezi kutambua umeme unaovuja kutoka kwenye waya kwenda kwenye bati, kwa sababu volti tatu ni chache mno. Kazi hiyo hutaka kipimo maalumu cha fundi. Hakiwezi kusema kapasita ni nzima. Na hakigusishwi kamwe kwenye soketi au kitu chochote kilichochomekwa ukutani. Mkono wa mtu huhisi umeme wa takriban miliampia moja. Kwenye kumi misuli huweza kukaza asiweze kuachia. Na kuanzia thelathini hivi moyo wenyewe umo hatarini. Ngozi yenye jasho, kama ilivyo kwetu pwani karibu mwaka mzima, huupa umeme njia rahisi zaidi.

Maneno ya mwisho kwa mwanachuo

Kabla zana yoyote ya umeme haijavuka mlango wa darasa lako, jiulize maswali matatu. Je, ndani yake mna kitu kinachoweza kuweka akiba ya umeme? Je, ni nani aliyeikagua, na kipimo chake kilipimwa? Je, kuna kipande kimoja ndani yake kinachoweza kutoa fundisho lile lile kwa betri mbili za tochi? Ikiwa jibu la swali la tatu ni ndiyo, chukua kipande, acha mashine.

Mwanachuo wetu hatukumnyima alama kwa ajili ya bidii yake. Tulimnyima kwa ukaguzi aliouacha, na tukamrudishia nyingine kwa somo la pili. Bidii ya kutafuta zana isizimwe, kwa maana tunaihitaji sana. Iongezewe utaratibu. Na lile swali la mvulana, "si tulikichomoa?", liwe swali la kwanza katika kila somo la umeme mtakalofundisha, watoto wajibu kwa kupima, wala si kwa kuambiwa. Mtoto aliyezoea kukipima kipimo chake hatadanganywa upesi na ukimya wa chombo, na siku atakaposimama peke yake nyuma ya nyumba na bisibisi mkononi, atakuwa na kitu cha kufanya kabla ya kugusa.